Chachu Iliyo Juu ya Ganda

 Salamu kwenu mlioko visiwani Fuma, Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Salamu kwa Kismayo mjini. Na salamu kwa wale ambao vita viliwavusha hadi Lamu, Mombasa na Uingereza, na bado hutega sikio kila wasikiapo lugha ya nyumbani. 

Mazungumzo ya leo yanahusu mti usioota Fuma. Ni mtufaha, ule wa nchi za baridi, wenye tunda gumu jekundu au la kijani linalofika madukani likiwa limepangwa kwenye maboksi, si tufaha la mwambao wetu lenye maji mengi na kokwa kubwa. Mtu atauliza: mvuvi wa Fuma na mtufaha, wapi na wapi? Ni swali la haki, na jibu lake litakuja kwa hatua. Kwa sasa ishikwe hii moja tu: ugonjwa unaoozesha tufaha huko Ulaya na ugonjwa unaoozesha ndizi ndani ya mashua itokayo Kismayo ni wa ukoo mmoja, na kinga iliyopatikana juu ya ganda la tufaha imekwisha kujaribiwa kwenye ndizi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe.

Liangalie embe lililokaa nyumbani siku tatu. Siku ya kwanza ganda ni safi. Siku ya pili kuna kidoa cheusi karibu na kikonyo. Siku ya tatu kidoa kimekuwa baka, baka limezama ndani, na nyama ya embe chini yake imelegea na kunuka. Au iangalie chane ya ndizi, pale kisu kilipoikata kutoka kwenye mkungu: panaanza kwa weusi kidogo, kisha panaota utando mweupe, kisha ndizi zinadondoka moja moja kabla hazijauzwa. Nani kafanya hayo? Wengi husema ni joto, au ni chumvi ya bahari, au ni tunda kuchoka tu. Joto lina mchango wake, lakini mwozeshaji mwenyewe ni ukungu.

Ukungu ni kuvu, kiumbe kisicho mnyama wala mmea. Huzaa vumbi la mbegu ndogo mno zisizoonekana kwa jicho. Mbegu hizo hupeperuka na upepo, hurushwa na matone ya mvua, hupanda juu ya kisu cha mchumaji na kujificha ndani ya kikapu kilichobeba matunda ya jana. Zikitua juu ya ganda zima lililo kavu, nyingi hufa bila kufanya lolote. Zikipata jeraha, hata la kucha ya kidole, na unyevu kidogo, na utamu unaotoka kwenye jeraha lile, basi huota mizizi myembamba na kuanza kula.

Mtufaha una maadui wengi wa namna hiyo. Yuko wa upele, ambaye wataalamu humwita Venturia inaequalis. Wakati wa baridi kali hulala ndani ya majani yaliyoanguka chini ya mti. Baridi ikipungua na mvua ikinyesha, hurusha mbegu zake hewani, nazo hutua juu ya majani machanga na vitunda vinavyoanza kukua. Tunda hubaki na mabaka meusi makavu, hupasuka, na mnunuzi hulipita. Yuko ubwiri unga, jamaa wa ule ambao wakulima wa korosho wa Mtwara wamepambana nao kwa unga wa salfa kwa miaka mingi. Na wako wale wanaongoja tunda livunwe ndipo waanze kazi: ukungu wa buluu na ukungu wa kijivu.

Huu wa buluu unastahili kusimuliwa kidogo, kwa sababu ndio uliowafanya watu wa matufaha watafute chachu. Tufaha, tofauti na embe, huwekwa ghalani kwa miezi mingi. Linavunwa mwisho wa kiangazi, linatiwa katika vyumba vya baridi karibu na kuganda, na linatolewa kidogo kidogo hadi mavuno yajayo yakaribie. Hiyo ndiyo siri ya tufaha kupatikana mwaka mzima, hata Mombasa na Dubai. Lakini ukungu wa buluu, Penicillium expansum, haushindwi na ubaridi ule. Huota polepole, lakini huota. Tunda moja lenye jeraha huoza, linamwaga maji yake juu ya jirani, na sanduku zima linaharibika. Zaidi ya hapo, ukungu huo hutengeneza sumu iitwayo patulini, ambayo inaweza kuingia katika maji ya matunda yakikamuliwa na matunda mabovu. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kiwango cha patulini kisichoruhusiwa kuzidi katika maji ya tufaha.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa dawa. Mtufaha ukipuliziwa dawa za ukungu mara nyingi katika msimu wa mvua, upele hupungua. Tunda likichovywa katika dawa kabla ya kuingia ghalani, ukungu wa buluu hupungua. Hakuna ubishi kwamba dawa hizo ziliokoa mavuno mengi. Lakini palizuka mambo mawili. La kwanza, ukungu ulizizoea. Tangu miaka ya 1970 wakulima wa matufaha waliona dawa iliyokuwa ikiua ukungu jana inapita juu yake leo bila kuudhuru. La pili, walaji walianza kuuliza: dawa hii iliyobaki juu ya ganda, mtoto wangu anayekula tunda zima, anakula na dawa? Na hili la pili ni zito zaidi kwa tunda lililochovywa baada ya kuvunwa, kwa sababu hakuna tena mvua wala jua la kuisafisha dawa kabla tunda halijafika mezani.

Basi ikaulizwa: je, kuna njia ya kuuzuia ukungu bila kuutilia sumu?

Hapa, wasikilizaji, pana kisa kinachopendeza kusimuliwa, nacho hakikuanza kwenye tufaha bali kwenye machungwa na ndimu. Mtafiti wa Marekani aitwaye Charles Wilson, wa kituo cha utafiti wa matunda cha Wizara ya Kilimo ya Marekani kilichoko Kearneysville, jimbo la West Virginia, alifanya kazi pamoja na Edo Chalutz kutoka Israel. Waliosha matunda ya jamii ya machungwa, wakachukua yale maji ya kuoshea, wakayamwagia kwenye visahani vya maabara vyenye chakula cha kuoteshea vijidudu. Mtu angetarajia nini? Angetarajia visahani vijae ukungu, maana ganda la chungwa limejaa mbegu za ukungu. Haikuwa hivyo. Maji yale yalipokuwa mazito, kama yalivyotoka kwenye tunda, vilivyoota visahanini vilikuwa ni chachu na bakteria tu. Walipoyazimua kwa maji safi, ndipo ukungu wa kuozesha ulipojitokeza.

Fikirini hapo kidogo. Ukungu ulikuwamo tangu mwanzo. Lakini kulikuwa na kitu ndani ya maji yale mazito kilichokuwa kikiukalia. Kilipopungua, ukungu ukapata nafasi. Na wakaona jambo jingine ambalo kila muuza ndimu sokoni angelielewa mara moja: tunda lililooshwa likakaushwa lilioza upesi kuliko lile ambalo halikuoshwa. Kwa nini? Kwa sababu maji yaliondoa mlinzi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1990, na tangu hapo wengi waliacha kulitazama ganda la tunda kama kifuniko kitupu. Ganda lina wakazi.

Na wakazi wakubwa kati ya hao ni chachu. Neno hili halihitaji kufafanuliwa jikoni. Kina mama wa Kismayo wanaolaza unga wa canjeero usiku ili asubuhi uwe na vitundu, wanaifahamu kazi yake. Anayegema mnazi anajua kwamba maji yatokayo kwenye kole ni matamu asubuhi na yamechacha jioni, na hakuna aliyeyatia hamira. Chachu ilitua yenyewe kutoka hewani na kwenye ganda la mnazi. Chachu nayo ni kuvu, ndugu wa ukungu, lakini ni kuvu ya chembe mojamoja. Nyingi hazitoi ile mizizi ya kupenya ndani ya nyama ya tunda. Hukaa juu, hula utamu unaovuja, huzaana, basi.

Sasa, huuzuiaje ukungu? Hili ndilo la kusikiliza kwa makini, na litarudiwa tena baadaye. Kwanza kabisa, chachu hutangulia. Ni kama bandari ndogo ya mashua siku ya upepo: mashua zilizoingia mapema zimetia nanga kila mahali, na iliyochelewa inazungukazunguka nje ikitafuta pa kufunga kamba, haipati. Jeraha la tunda ni dogo na chakula chake ni kidogo. Chachu zikilijaza kwa saa chache za mwanzo na kuumaliza utamu, mbegu ya ukungu ikitua haipati chakula cha kuotea.

Pili, baadhi ya chachu hunyang'anya madini ya chuma. Ziko za jenasi ya Metschnikowia, ambazo hutoa rangi nyekundu inayoyashika madini hayo na kuyafunga, na ukungu bila chuma haukui. Tatu, ziko zinazotoa vimeng'enya vinavyolainisha ukuta wa chembe za ukungu na kuuvunja. Nne, na hili watafiti bado wanalichunguza kwa hamu, tunda lenyewe likiguswa na chachu huamka na kuanza kujenga kinga yake. Lakini kubwa kati ya yote ni lile la kwanza: kutangulia.

Baada ya hapo, habari zilikwenda haraka. Mwaka 1995 serikali ya Marekani iliidhinisha bidhaa ya chachu iliyoitwa Aspire, iliyotengenezwa kwa chachu aina ya Candida oleophila, itumike kwenye matufaha na machungwa baada ya kuvunwa. Ikawa miongoni mwa bidhaa za kwanza za aina yake duniani. Na haikudumu sokoni. Ni vizuri wasikilizaji waambiwe hili, kwa sababu habari za kilimo mara nyingi husimuliwa kama kwamba kila kilichogunduliwa kilifaulu. Katika ghala moja ilifanya kazi vizuri, katika ghala jingine ikalegea. Dawa ya kemikali huweza kuua hata ukungu uliokwisha kuingia ndani kidogo, chachu haiwezi. Mwenye ghala aliyezoea dawa, akaitumia chachu kwa namna ileile ya kuchelewa, alipata hasara, na hasara ya ghala moja hutangazwa kuliko faida ya maghala kumi.

Walioendelea walijifunza kutokana na hilo. Katika nchi za Ulaya, karibu na ziwa kubwa la Bodensee lililo kati ya Ujerumani, Austria na Uswisi, ambako mabonde yamejaa mitufaha, palichunguzwa kuvu mfano wa chachu iitwayo Aureobasidium pullulans. Ni mkazi wa kawaida wa majani na maganda ya matunda. Kampuni ya Austria ikaizalisha kwa wingi, ikaikausha, na sasa mkulima huinunua ikiwa unga, huikoroga na maji na kuipulizia juu ya mti wenyewe katika wiki za mwisho kabla ya kuchuma. Angalieni tofauti: haingoji tunda lifike ghalani. Inawekwa mtini, ili mchumaji atakapolikwaruza tunda kwa kucha au kwa ukingo wa ndoo, mlinzi awe tayari amekaa juu ya ganda. Kabla ya hapo, wakati wa maua, kuvu hiyohiyo hupuliziwa kwenye ua ili kuzuia ugonjwa mwingine wa mitufaha unaoletwa na bakteria, ule unaolikausha tawi likaonekana limeungua kwa moto.

Na upele je, ule wa majani? Kwa hilo chachu bado haijaishinda dawa. Shambani kuna jua kali, kuna upepo mkavu, kuna mvua inayoosha kila kitu, na jani ni pana. Ghalani kuna baridi isiyobadilika na unyevu usiobadilika, na mahali pa kulinda ni jeraha dogo. Chachu hushinda pale panapofanana na nyumba yake. Kwa upele, wakulima wasiotaka dawa kali bado hutegemea kufagia na kuozesha majani yaliyoanguka, kupanda aina za mitufaha zinazostahimili, na salfa.

Tufike sasa Ubelgiji, maana hapo ndipo tufaha linapokutana na ndizi.

Katika mji mdogo wa Gembloux kuna chuo cha kilimo ambako mtafiti Haïssam Jijakli na wenzake walikusanya chachu kutoka juu ya maganda ya matufaha ya aina ya Golden Delicious. Kati ya zile walizozijaribu, mbili ziliwazidi wenzao katika kuulinda mkato wa tunda. Moja ni Candida oleophila, waliyoiita aina O. Ya pili ni Pichia anomala, waliyoiita aina K. Ile ya O ilikuja kuwa bidhaa, na mwaka 2013 ikakubaliwa katika Umoja wa Ulaya. Lakini kabla ya hapo, watu wa chuo hichohicho walijiuliza: chachu iliyotoka kwenye tufaha, itakubali kuishi kwenye ndizi? Wakazijaribu zote mbili dhidi ya ule ugonjwa tuliouona mwanzoni, wa kuoza pale chane inapokatwa. Majibu yalitoka mwaka 2008. Ndiyo, zilipunguza kuoza. Na jambo lililoamua zilifaulu kiasi gani lilikuwa ni wakati: chachu ikiwekwa kwenye mkato mapema na ukungu ukaja baadaye, kinga ilikuwa nzuri, vikifika karibu pamoja, kinga ilidhoofu. Ni lilelile la kutangulia.

Mzee wa Kismayo anayesikiliza anajua uzito wa habari hiyo. Kabla ya mwaka 1991, ndizi za bonde la Jubba, kutoka Jamaame na mashamba ya jirani, zilipakiwa melini pale bandarini Kismayo kwenda Italia. Safari ilikuwa ndefu, na mkato wa chane ndio uliokuwa mlango wa hasara. Vita vilivunja biashara ile, kisha mafuriko ya El Niño ya mwisho wa mwaka 1997 yakayazamisha mashamba yaliyosalia. Leo yanazungumzwa tena matumaini ya ndizi za Somalia kurudi nje. Zikirudi, zitakutana na wanunuzi ambao hawataki tena dawa ileile iliyokuwa ikichovywa zamani. Hapo ndipo mtufaha unapohusika na Jubba.

Je, chachu hizo lazima ziagizwe Ubelgiji? Swali hili ndilo lililozaa mazungumzo ya leo, na jibu lake liko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Liko Tanzania, kwenye kahawa.

Kahawa ya arabika ikichumwa, tunda lake jekundu humenywa, na mbegu zenye utelezi hulowekwa kwenye matangi hadi utelezi uachie. Katika matangi hayo chachu hufanya karamu. Mwaka 2004 mtafiti Wafa Masoud na wenzake huko Copenhagen, Denmark, walitangaza matokeo ya kuchunguza kahawa iliyokuwa ikichachushwa na kukaushwa Tanzania. Walizikuta chachu tatu zikitawala, na moja kati ya hizo ilikuwa Pichia anomala, spishi ileile iliyotolewa kwenye ganda la tufaha Gembloux. Hawakuishia hapo. Katika miaka miwili iliyofuata walizijaribu chachu hizo dhidi ya ukungu unaotengeneza sumu ya okratoksini katika kahawa, sumu inayodhuru figo. Zilizuia ukungu kukua na zikapunguza sumu. Hata harufu yake peke yake, ile hewa inayotoka kwenye chachu bila kugusana na ukungu, ilitosha kuuzuia.

Kwa hiyo mlinzi yuko Afrika Mashariki. Hakuletwa na mtu. Yumo kwenye kahawa, na ni jambo la akili kumtafuta pia juu ya maganda ya maembe, mapapai na ndizi za bonde la Jubba. Kinachokosekana ni mtu wa kumtafuta: kijana aliyesoma biolojia, mwenye darubini, visahani na chumba safi, anayekwenda Jamaame na Jilib kuosha matunda na kutazama nini kinaota. Kazi hiyo haihitaji mtambo wa mabilioni. Kazi ya Wilson na Chalutz ilianzia kwenye maji ya kuoshea machungwa.

Na kama kuna anayeshuku kwamba kutumia kuvu kupigana na kuvu kunaweza kufanyika hapa kwetu, aitazame Kenya. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani zilipata msiba wa mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Sumu ile hutokana na ukungu uitwao Aspergillus flavus. Leo mkulima wa sehemu hizo anaweza kununua Aflasafe, nayo ni mbegu za mtama zilizopakwa Aspergillus flavus wa aina isiyotoa sumu. Humwagwa shambani kwa mkono, kama kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua. Ule usio na sumu huenea kwanza, ukachukua nafasi, na wenye sumu ukija unakuta pamejaa. Kituo cha Katumani, karibu na Machakos, hutengeneza bidhaa hiyo, na Tanzania iliidhinisha aina zake mwaka 2018. Si chachu, lakini kanuni ni ileile moja.

Sasa tuje kwenye maswali ambayo bila shaka yamekwisha kuwafika wasikilizaji midomoni.

La kwanza: basi, mtu akinunua hamira ya mkate dukani, akaikoroga na sukari, akapulizia maembe yake? Hapana, tafadhalini msifanye hivyo. Hamira ya mkate imechaguliwa kwa kuumua unga, haikuchaguliwa kwa kuishi juu ya ganda la tunda penye jua na ukavu. Na sukari mtakayoitia itaulisha ukungu. Ni kweli Ulaya kuna bidhaa iliyotengenezwa kwa kuta za chembe za hamira ya jamii hiyo, ikapuliziwa kwenye mizabibu ili kuiamsha kinga yake. Lakini hamira hiyo imekwisha kufa na kusafishwa kiwandani, si ile ya pakiti.

La pili: je, chachu hizi haziwezi kumdhuru mlaji? Tumekuwa tukizila tangu tuzaliwe, kwa kila tunda lisilomenywa. Hata hivyo, wanaozitafuta za kuuzwa wana masharti. Mojawapo ni hili: chachu inayoweza kuota vizuri katika joto la mwili wa binadamu huwekwa kando. Ya tunda na ibaki kwenye tunda. Kisha bidhaa hupimwa na serikali kabla ya kuuzwa, kama dawa nyingine.

La tatu: embe nalo? Hapa lazima kusemwa ukweli hata kama hauvutii. Embe ni gumu kuliko tufaha. Ule ugonjwa wa madoa meusi haungoji jeraha. Mbegu ya ukungu hutua embe likiwa changa, mtini, wakati wa mvua. Inapenya chini ya ganda, kisha inalala kimya hadi embe liive. Chachu ikipakwa baada ya kuvunwa imekuta adui yumo ndani. Kwa hiyo embe linataka mambo mawili: mlinzi awekwe mtini mapema, na baada ya kuvuna tunda lichovywe katika maji ya moto, kama nyuzi 52, kwa dakika chache tu, ndipo lipozwe. Maji ya moto huufikia ukungu uliolala. Chachu ikipakwa baadaye hulilinda ganda lililobaki tupu. Njia hizi mbili zikiunganishwa hufaa kuliko moja peke yake. Lakini nyuzi zipimwe kwa kipimajoto, si kwa kidole, maana zikizidi embe hupikika.

La nne, na hili linawahusu hata wale ambao hawatauona unga wa chachu mwaka huu wala mwakani: sasa tufanye nini? Kumbukeni ni nini tulichojifunza kwenye maji ya machungwa. Mlinzi yupo tayari juu ya ganda. Basi asiondolewe bure, na asipewe kazi asiyoiweza. Visiwa vyetu ni vya matumbawe, udongo wake ni haba, na watu wake tangu zamani wamekuwa na mashamba upande wa bara. Tunda huvuka maji kabla ya kuliwa, na kila kivuko ni nafasi ya jeraha. Embe likatwe na kikonyo kifupi, lisivutwe likararuka. Lisiangushwe chini, likachunwa na mchanga. Kisu cha kukatia chane za ndizi kioshwe na kukaushwa kila mara, maana kisu kichafu hupeleka ukungu mahali palepale ambapo chachu haijafika. Tunda lililooza litolewe kikapuni siku hiyohiyo. Na anayeosha matunda kwa ajili ya kuyasafirisha, si kuyala, atumie maji safi yanayobadilishwa. Ndoo moja ya maji yaleyale kutwa nzima huchukua ukungu wa tunda moja na kuugawia mia. Mwenye kuosha wakati wa kula, na aoshe, hilo ni la afya na wala halina mjadala.

Kwa walioko Uingereza, ambao nyuma ya nyumba zao kuna mtufaha: mwezi wa tisa mkichuma, yatenganisheni yaliyoanguka chini na yaliyochumwa mtini. Yaliyoanguka yaliwe au yapikwe kwanza. Yaliyochumwa bila jeraha yafungwe moja moja kwa karatasi, yawekwe mahali pa baridi penye hewa, nayo yatakaa miezi. Msiyapanguse yakang'aa kabla ya kuyaweka.

Na kwa vijana wa Kismayo mnaosoma sayansi, kipindi hiki kina ombi kwenu. Msimu wa maembe ukianza, chukueni maembe kumi kutoka mti mmoja. Matano myaoshe na kuyakausha vizuri, matano myaache yalivyo, myaweke pamoja kivulini, na muandike kila siku lipi limeanza doa na wapi. Kisha rudieni kwa mti mwingine, na kwa ndizi, na kwa papai. Yaandikeni majina ya mashamba, tarehe, na kama mvua ilinyesha wiki ile. Mkiyaleta majibu, yatasomwa hapa, mwezi mmoja baada ya maembe ya kwanza kuingia sokoni.